Macho ya Dereva Kawia

Kwenye kile kituo cha kusafishia damu kulikuwa na magari manne na madereva kumi na mmoja, na kati ya hao kumi na mmoja ni mmoja tu aliyekuwa na jina la utani ambalo hata wagonjwa walilitumia mbele yake. Walimwita Kawia. Lilianza kama kejeli. Madereva wenzake walilikata kutoka kwenye ule msemo wa kawia ufike, hiyo "ufike" wakaimeza makusudi, wakamwachia "kawia" peke yake. Naye hakuudhika hata kidogo. "Nyie tangulieni," aliwaambia, "mkifika mniwekee chai."

Kazi yake ilikuwa hii: kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alitoka na basi dogo jeupe kwenda kukusanya watu saba ambao figo zao zilikuwa zimegoma. Aliwafikisha kituoni, wakalala kwenye mashine saa nne nzima, damu ikitoka na kurudi, na mchana akawarudisha mmoja mmoja hadi mlangoni. Mtu akitoka kwenye ile mashine huwa kama nguo iliyokamuliwa. Shimo dogo tu la barabarani analisikia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo Kawia aliyajua mashimo yote ya njia ile, idadi yake na tabia yake, na alijua lipi linakwepeka na lipi lazima uliombe radhi.

Kabla ya kuwasha injini alilizunguka gari. Alipiga kila tairi kofi, akachuchumaa akachungulia uvunguni, akafuta taa, na breki akazijaribu hapo hapo uani, kabla hajavuka geti. Wenzake walikufa kwa kicheko. "Mzee, hilo gari unaliposa au?" Akawajibu kwamba mahari alishamaliza zamani, sasa anamkagua mke kama bado mzima.

Halafu mikanda. Kawia hakuondoa gari mpaka asikie "tak" nane, saba za abiria na moja yake. Kulikuwa na karani mmoja mstaafu, mtu wa kiti cha nyuma, aliyependa kuupitisha mkanda begani bila kuufunga, eti unambana tumbo. Kawia hakumgombeza. Alizima injini, akakunja mikono, akaanza kutazama mbele kimya, na abiria wengine wakageuza shingo kumtazama karani, mpaka "tak" ya nane ikasikika. Baada ya wiki mbili karani alikuwa wa kwanza kufunga, na kuwakaripia wenzake.

Na simu? Simu ya dereva ilikaa kwenye mkoba wa abiria wa mbele. Huyo abiria wa mbele alikuwa bibi mmoja, fundi cherehani wa siku nyingi, ambaye walimwita Bibi Sindano. Simu ikiita, anaipokea yeye: "Anaendesha. Piga baadaye." Alimwambia hivyo mkuu wa usafiri. Alimwambia hivyo mke wa Kawia, tena mara mbili kwa siku moja. Siku moja mke akamuuliza mumewe, nusu anacheka nusu ameshika kiuno, "Huyo mwanamke anayenikatia simu yako ana miaka mingapi?" Kawia akasema sabini na mbili. "Haya," mke akasema, "basi nimemsamehe."

Mjini hakuzidi arobaini kwa saa. Gari la mbele likipita nguzo, alihesabu moja, mbili, tatu, taratibu, ndipo naye aifikie nguzo ile. Akija mtu nyuma yake anapiga honi kama ana deni na mbingu, Kawia aliwasha taa ya pembeni akampisha. "Mpisheni jamani, huenda tumbo linamkata." Gari zima likacheka, hata wale ambao kucheka kulikuwa kunawauma.

Sasa mtu kama huyu utasema ana siri gani? Alikuwa nayo, na ilikuwa mbaya.

Ilianza polepole. Taa za magari yanayokuja zikaanza kuwa na nywele. Maandishi ya mabango yakawa kama yameandikwa na mtu mwenye homa. Akabadilisha kitambaa cha kufutia kioo, akabadilisha sabuni ya kuoshea kioo, mwishowe akamlaumu aliyetengeneza kioo. Kioo kilikuwa hakina kosa. Ukungu ulikuwa ndani ya macho yake mwenyewe, na yeye njia ile ameipita miaka, kila kona iko kichwani, kila mti, kila nguzo. Basi akawa anaendesha kwa kukumbuka. Mtu anayeijua njia kiasi hicho anaweza kupofuka kidogo kidogo na asijue, au ajue na asitake kujua.

Kila mwaka mwezi wa kwanza madereva wote walipimwa macho kwenye zahanati. Kwa kuwa Kawia ndiye mkongwe, mkuu wa usafiri alimpa kazi ya kuwapeleka wenzake na kushika karatasi zao. Alikaa kwenye benchi mle mle chumbani, na madereva kumi wakaingia mmoja mmoja, wakafumba jicho hili, wakafumba lile, wakasoma ubao wa herufi ukutani. Ubao ule ule, umekunjika pembe moja, miaka tisa. Kitu ukikisikia mara kumi kila mwaka kwa miaka tisa, upende usipende kitakukaa kichwani.

Ikafika zamu yake. Akakaa kwenye kiti, akaziba jicho la kushoto, akatazama. Akaona ukuta mweupe wenye uchafu. Lakini kabla hajasema lolote mdomo ukaanza wenyewe: "E. T, B. D, L, N. P, T, E, R..." Ukashuka mpaka mstari wa mwisho bila kujikwaa. Nesi akapiga muhuri. "Mzee, haya macho ni ya kijana!"

Hakuwa amepanga kudanganya. Lakini hakurudi kusema, na hapo ndipo alipokosea, tusimpambe. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akajiambia kwamba amesoma, si amesoma? Akawarudisha wenzake kituoni, mwendo wa taratibu kuliko siku zote.

Mwezi wa tatu kwenye geti la Bibi Sindano kukawa na kitambaa kimetundikwa kwenye msumari, cheupe cheupe hivi, chenye alama alama. Kawia akadhani ni kitambaa cha kufutia vumbi. Alfajiri moja mvua imenyesha, kioo cha pembeni kimejaa maji, akateremsha dirisha, akanyoosha mkono, akakitwaa kile kitambaa, akafuta kioo vizuri kabisa, pamoja na kona zake, akakirudisha msumarini kikiwa kimelowa na kuchafuka.

"Asante kwa kitambaa, Bibi," akasema.

Karani mstaafu akakohoa. Bibi Sindano, aliyekuwa ndio kwanza anakaa, akamtazama muda mrefu, kisha akafunga mkanda wake. Kawia akaona aibu. Akadhani amechukua kitambaa cha watu bila kuomba. Safari iliyofuata akaja na cha kwake.

Wakaendelea hivyo hadi mwezi wa tano. Mchana mmoja wa Jumatano walikuwa wanarudi, abiria wote saba ndani, jua limeelekea kwenye kioo cha mbele. Penye kona ya duka la magodoro, palipokuwa hapana kitu tangu dunia iumbwe, watu wa barabara walikuwa wamechora kivuko cha waenda kwa miguu siku iliyotangulia. Mistari mipya, myeupe. Kichwani mwa Kawia mistari ile haikuwepo, na machoni mwake vile vile haikuwepo. Wala hakumwona mwanamke wa gauni la kijivu aliyekuwa katikati yake, amebeba mto mkubwa kifuani.

"Simama, baba! Mtu!"

Ilikuwa sauti ya Bibi Sindano. Kawia alikanyaga breki kwa sauti ile. Macho hayakuwa yamemwambia kitu. Basi dogo likainama pua, mikanda saba ikawashika watu saba, likasimama. Mbele ya boneti, hatua mbili hivi, gauni la kijivu likapata kichwa na mikono na mdomo. "Umelala?" mwanamke akapiga kelele. Akaupiga mto wake kofi kana kwamba ndio wenye makosa, akavuka, akaingia dukani.

Nyuma watu wakaanza kupumua. Na unajua walisema nini? Walimshukuru. "Mungu akuweke, baba," akasema mmoja. "Angekuwa dereva mwingine, yule mama tungekuwa tunamwokota." Karani akaugusa mkanda wake tumboni akasema kwa sauti kwamba tangu leo hataki kumsikia mtu analalamika habari ya mikanda. Kila shukrani ilimwingia Kawia kama mwiba. Akawasha taa za tahadhari akatambaa pembeni, akawafikisha mmoja mmoja kwa mwendo ambao hata baiskeli zilimpita.

Bibi Sindano alikuwa wa mwisho kushushwa. Gari liliposimama kwenye geti lake hakufungua mkanda.

"Mwanangu," akasema, "ng'ambo pale limeegeshwa gari la matofali. Nisomee namba yake."

Kawia akatazama ng'ambo. Akaona kitu chekundu.

"Jua limenipiga, Bibi."

"Jua liko nyuma yetu."

Kawia akaweka mikono miwili juu ya usukani, akainamisha kichwa. Bibi Sindano hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka, mkono wenye plasta ameuweka mapajani, lakini maneno yake yalitoka yamenyooka.

"Mimi miguu yangu ilivimba mwaka mzima. Nikasema ni viatu. Nikanunua viatu vikubwa, ikavimba tena, nikasema ni joto. Niliogopa wakiniambia ninaumwa nitaachishwa cherehani. Ningeenda mapema, daktari ananiambia, ningemeza vidonge tu, basi. Mficha maradhi, mwanangu, mwisho wake unaujua. Mimi kifo kilinikosa, kikaniachia mashine." Akageuza shingo kutazama viti vya nyuma. "Lakini mimi nilipoficha, niliumia peke yangu. Wewe nyuma yako una saba."

"Bibi, utawaambia?"

"Siwaambii. Keshokutwa alfajiri nitakuwa hapa getini kama kawaida. Ukija wewe, nitapanda, maana nisipokwenda kwenye mashine nitakufa, na gari lingine sina. Nitapanda. Ila nitapanda nikijua."

Akafungua mkanda, akampa simu yake, akashuka.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Kawia alilirudisha gari kituoni kupitia njia ya nyuma isiyo na watu, akapanda gari la abiria kurudi kwake, na njia nzima akawa anayasikia yale maneno. Nitapanda nikijua.

Mke wake alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. Kawia akakaa kitandani, viatu miguuni, akamwambia yote, ubao wa herufi, gauni la kijivu, gari la matofali. Alitegemea mshangao. Mke wake akaisimamisha pasi wima.

"Nilikuwa nasubiri useme."

"Ulijua?"

"Mwanamume anatumbukiza kidole kwenye kikombe ajue kama chai imejaa, mke asijue? Kwani unadhani kwa nini siku hizi nakumiminia mimi? Mahaba?" Alikuwa amekasirika, machozi yanamlenga. "Nikikuuliza, unasema kioo cha gari. Sabuni. Jua. Kila kitu kina makosa ila wewe."

"Mama watoto, miaka ishirini na saba nimeshika usukani. Nikishuka mimi ni nani?"

"Nilipokukuta ulikuwa unasukuma mkokoteni," mke akasema, "tena wa kuazima. Nikakukubali. Sikuolewa na usukani mimi."

Kawia akacheka huku analia, kicheko kibaya cha mtu aliyebanwa. Mke akaja akakaa karibu naye, shati la moto mikononi. Hofu ilikuwepo na hakuificha tena: hofu ya kuachishwa kazi, ya kukaa nyumbani akisikiliza magari ya wenzake yakipita. Lakini kila alipofumba macho alimwona bibi wa miaka sabini na mbili akifunga mkanda, anajua. Asubuhi yake, Alhamisi, akavaa lile shati, akaenda kituoni kwa miguu.

Mkuu wa usafiri alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kengele na meza yenye mafaili mpaka kidevuni. Kawia akaweka ufunguo juu ya meza.

"Mkuu, mimi sioni."

"Huoni nini? Faili? Na mimi silioni."

"Sioni barabara."

Mama akamtazama, akacheka, akavuta droo, akatoa karatasi yenye muhuri. "Mzee, usinichezee asubuhi. Hii hapa. Umesoma mpaka mstari wa mwisho, kuliko vijana wote."

Kawia akamgeuzia mgongo, akatazama mlango uliofungwa, akaanza: "E. T, B. D, L, N. P, T, E, R. F, Z, B, D, E. Mstari wa sita una herufi sita, ya tatu ni O, watu wengi husema ni C." Akashuka mpaka mwisho. Kisha akageuka. "Hapa hakuna ubao, mkuu. Naujua hata nikiwa kitandani. Jana nusura niue mtu penye kona ya magodoro. Wale abiria wamenishukuru."

Kengele ya mama yule ikanyamaza. Aliutazama ufunguo muda mrefu kabla ya kuuchukua. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo ambayo Kawia hakuwahi kuisikia kwake. "Mzee, mimi mama yangu mzazi alikuwa anapanda gari lako. Mwaka juzi, kabla hajafariki. Asante kwa kuja mwenyewe." Halafu akashika simu, kengele ikarudi, na zahanati nzima ikamsikia: ubao gani huo unatundikwa miaka tisa! Wiki ile ile madereva wote walipimwa upya kwa ubao mpya. Wawili wakaanza na E, T, B, kumbe herufi ya kwanza ya ubao mpya ilikuwa H.

Daktari wa macho alimmulika Kawia kulia, akammulika kushoto, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Ndio nimeshapofuka hivyo?" Kawia akauliza.

"Nani kasema? Tunautoa huo ukungu, tunaweka lenzi, unarudi kuona. Ungekuja mwezi wa kwanza ungekuwa umeshasahau kama uliumwa." Daktari akaandika kitu. "Miezi mitano yote ulikuwa unangoja nini?"

Kawia alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia kwa furaha na kwa hasira ya kujikasirikia, vyote pamoja, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama amefiwa.

Jicho la kwanza lilifanywa mwezi wa sita, la pili mwezi wa saba. Katikati hapo hakuruhusiwa kugusa usukani, na mkuu wa usafiri akamwambia akae kiti cha abiria, amwelekeze dereva wa akiba ile njia na wale watu. Dereva huyo alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, lakini aliitwa Risasi, na si bure. Siku ya kwanza alikuja mbio, akapiga honi kila geti mpaka la Bibi Sindano, wa mwisho kupanda, akaingiza gia. Gari zima likasema kwa pamoja, "Hujalizunguka!"

"Kuzunguka nini?"

"Gari," akasema karani. "Na uvunguni uchungulie. Sisi tunangoja."

Risasi akamtazama Kawia. Kawia akainua mabega. Risasi akashuka, akazunguka kwa kununa, akapiga tairi kofi la kwanza, la pili, na la tatu likatoa sauti tofauti. Msumari, mrefu kama kidole. Aliporudi kukaa baada ya kubadilisha tairi, simu yake aliitoa mfukoni mwenyewe akampa Bibi Sindano.

Kwenye siku zile za kukaa bure Kawia alikwenda pia, kwa miguu, mpaka duka la magodoro. Yule mwanamke wa gauni la kijivu alikuwa mfanyakazi wa pale. Kawia akamvulia kofia akamwambia, mama, nakushukuru.

"Kwa kununua nini?"

"Hujauza kitu. Nakushukuru kwa kuwa mzima."

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja, akamwita mwenye duka. Ilibidi Kawia aeleze yote kuanzia mwanzo, na alipomaliza yule mama alikuwa amekaa juu ya godoro, mkono kifuani. Kwa kweli hakukumbuka gari wala dereva. Alikumbuka mto tu, kwa sababu mteja aliukataa. "Basi nenda salama," akasema mwishowe. "Na ukipita hapa, piga honi kidogo nijue ni wewe." Kawia akasema honi hapigi ovyo, ila atampungia mkono.

Mwezi wa tisa akapimwa tena. Nesi akatundika ubao mpya, na Kawia akaomba auanze kutoka chini kwenda juu, kulia kwenda kushoto, ili asijidanganye. Akasoma. Kila herufi ilikuwa imesimama peke yake, nyeusi, ina kingo. Aliposhika karatasi yenye muhuri aliisoma na yenyewe, mpaka jina la kiwanda cha karatasi pale chini.

Jumatatu yake akazunguka gari lake, akapiga tairi makofi manne, akachuchumaa, akatoka. Alfajiri ile dunia ilikuwa na vitu vingi mno. Majani yalikuwa moja moja. Nguzo zilikuwa na namba, kumbe nguzo zina namba! Taa za magari yaliyokuja zilikuwa taa tu, hazina nywele. Penye duka la magodoro alikiona kivuko toka mbali, akasimama, ingawa hapakuwa na mtu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru mkewe na pasi yake, na huku anashukuru akawa anahesabu: moja, mbili, tatu.

Akafika kwa Bibi Sindano kabla hajatoka. Akasimamisha, akavuta breki ya mkono, akageuka kutazama geti.

Kitambaa kilikuwepo kwenye msumari wake. Kilikuwa kitambaa cheupe kilichopindwa kwa mkono ukingoni, mshono mdogo usiohesabika, na katikati yake zilidariziwa herufi za uzi wa bluu, kila moja ndefu kama kidole gumba. Kwenye kona moja palibaki doa la kijivu ambalo sabuni ilishindwa kulitoa. Kawia akasoma. Akasoma tena, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Dereva wetu, asante kwa kuturudisha nyumbani."

Nyuma walikuwa wameshafungua mikanda wapate kusogea dirishani. Kisha karani akasema polepole, "Sisi sita tulichanga pesa za uzi, yeye akashona. Mwezi wa tatu. Wewe ukafutia kioo. Sisi tukasema, jamani, huyu mtu ana maringo namna gani?"

"Mimi sikusema maringo," ikatoka sauti ya getini. Bibi Sindano alikuwa amesimama pale na mkoba wake, na Kawia akaona kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu jinsi uso wake ulivyo, kovu dogo juu ya nyusi, macho yanayocheka kabla ya mdomo. "Mimi siku ile nilijua huoni. Nikangoja useme mwenyewe. Nikangoja mpaka karibu nichelewe."

"Bibi," Kawia akasema. "Bibi, mimi nilifutia kioo."

"Nilikifua." Akapanda, akakaa kiti chake cha mbele, akanyoosha kiganja apewe simu. Kawia akampa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anaona kila kitu kupitia humo, gari la matofali ng'ambo, namba yake, tarakimu zote, na akamsomea bila kuulizwa.

"Sawa sawa," akasema Bibi Sindano. "Sasa futa hayo machozi, dereva haendeshi amelia. Sisi tunangoja."

Akayafuta kwa mkono wa shati. Akangoja mpaka macho yakauke. Halafu akakaa sawa, akasikiliza, na nyuma yake zikaanza moja moja, ya karani ikiwa ya kwanza: tak, tak, tak.